Vyungu Arobaini vya Kadzo

Jumatatu, 9 Januari 1984
Vyungu sita leo. Mgongo umekufa ganzi. Udongo wa mtoni mwaka huu una changarawe, naokota kijiwe kimoja kimoja hadi vidole vinachubuka. Bado vinne vitimie arobaini. Kila kimoja nakitia alama yangu shingoni, mikwaruzo mitatu ya kucha, ili ijulikane ni cha nani.

Ni vya Kadzo, binti yangu. Mimi niliishia darasa la nne. Yeye ana cheti cha kilimo, na hapa Ganda hakuna mtoto wa kike aliyefika alikofika yeye. Nasema wazi. Hata sokoni nimesema. Waliotaka kununa wakanuna.

Kule nyikani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo anakofanya kazi, wanajaribu kuotesha pamba ya viwandani mahali pakavu, kwa maji kidogo. Upande mmoja bomba za plastiki zenye vitundu. Upande wa pili Kadzo: chungu kinafukiwa hadi shingoni, kinajazwa maji, maji yanapenya ubavuni taratibu, mizizi inakunywa. Mwezi ujao wanakuja wageni kutoka nchi za jangwa. Pamba ya Kadzo ikifa, vyungu vinang'olewa, naye anarudishwa ofisini Kilifi kupiga chapa.

Jumamosi, 14 Januari
Nimechoma. Moshi, jua, kikohozi. Hakikupasuka hata kimoja. Nani mwingine anaweza?

Kadzo alisema nisivisugue kwa kokoto wala nisivimwagie maji ya magome. Viache vivyo hivyo, alisema, vivuje. Nilivisugua vyote kabla ya kuchoma, hadi ngozi ikafungana na kung'aa. Na leo vilipotoka motoni nikavimwagia maji ya magome, kama nilivyofundishwa na marehemu mama, ili vijizibe. Chungu changu kivuje mbele ya wageni? Miaka yote hii mimi sijauza chungu kinachovuja. Maji yatajua pa kutokea.

Alhamisi, 19 Januari
Gari la kituo limekuja kuvichukua. Majirani wote wametoka kutazama. Nimefurahi sana. Nimelala mchana kutwa.

Jumapili, 29 Januari
Kadzo kaja baada ya kanisa. Anasema maji kwenye vyungu hayapungui, labda mizizi bado haijafika. Kila siku anapima kwa kijiti na kuandika. Anakula haraka haraka. Amekonda.

Jumanne, 7 Februari
Nimekwenda kituoni mwenyewe, na mihogo ya nazi kichwani. Jua kali. Miguu imevimba.

Pamba ya bomba imesimama kijani. Pamba ya Kadzo imekunja majani kama mtu anayeumwa tumbo. Otieno, mwenzake wa upande wa bomba, ni mtu wa mzaha. Kaniambia, "Mama Kadzo, hivi si vyungu, ni jela. Maji yakiingia hayatoki!"

Nikacheka naye. Nikamwambia, "Wewe kula mihogo, nyamaza."

Njiani kurudi sikucheka.

Jumatano, 8 Februari
Ni mimi. Ni yale magome na ile kokoto. Nimekaa na neno hili tangu asubuhi. Sikufinyanga kitu.

Ijumaa, 10 Februari
Kadzo amepita. Sasa anadhani udongo una chumvi. Amechimba mashimo, mikono yake imepasuka kama yangu. Nimempaka mafuta ya nazi. Neno lilikuwa mdomoni. Nikalimeza. Naona haya, basi.

Jumapili, 12 Februari
Nimemwambia. Sikwenda kanisani, nilimngoja mlangoni.

Alikaa kizingitini. Kisha, "Mama, nilikwambia usivipake kitu."

"Uliniambia."

"Sasa ulitaka nini?"

Nilitaka wageni wasifu vyungu vyangu. Nikamwambia, waambie wageni ni chumvi, nani atajua? Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. Akasema namba zake hazidanganyi, na yeye hatadanganya. Kaondoka bila kunywa chai.

Ijumaa, 17 Februari
Wageni wamekuja. Nilivaa leso mpya nikasimama nyuma. Mstari wa Kadzo umekauka, umebaki vijiti. Hata Otieno hakutania.

Nilingoja anitaje. Niko tayari, nikajiambia, na anitaje. Hakunitaja. Alisema vyungu vilikuwa vimezibwa, na kosa ni lake, hakuvipima kabla ya kufukia. Akasema mbele ya wote. Mgeni mmoja mzee akapiga goti, akagonga chungu kwa kidole, akauliza nani fundi. Kadzo akasema, mama yangu. Mzee akatikisa kichwa, akasema ni kizuri mno kwa kazi hii.

Wakubwa wa kituo wamempa mstari mmoja tena, mfupi, vyungu ishirini. Hadi masika. Ukishindwa huo, ni Kilifi.

Siku zote nimemsifu mtoto huyu kwa ajili ya cheti. Leo naona haya: nilisifu cheti, mtoto mwenyewe sikumwona.

Jumamosi, 3 Machi
Vyungu kumi na viwili vimechomwa. Havikusuguliwa, havikumwagiwa kitu. Vibaya, vina mikwaruzo kama magoti ya mtoto. Sijawahi kutengeneza kitu kibaya hivi. Vinane bado vibichi, vipo kivulini.

Jana jioni nilijaza kimoja maji nikakiweka juu ya mchanga mkavu uani. Asubuhi maji yameshuka vidole vinne, na chini pana duara la unyevu. Sikukiondoa. Nilitaka Kadzo aone mwenyewe.

Kaja saa tatu. Akapima kwa kijiti chake, akaandika. Akatia mkono kwenye mchanga. Kisha akavigeuza vyungu, kimoja baada ya kingine, akitafuta shingoni.

"Alama yako iko wapi?"

Nikamwambia vyungu kama hivi sivitii alama.

"Vitie."

Vilivyochomwa vimeshakauka motoni, alama haiingii. Lakini vile vinane nimevilowesha shingo kidogo, nimevitia. Kucha tatu, hadi cha mwisho. Yeye alikaa karibu yangu akinywa chai. Mikono imechoka.