Kabla Hujapeleka Posa Vugiri

Kang'ata, Jumanne

Kaka Mhina, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, alhamdulillahi.

Mpwa wako Awadhi bado anajifungia chumbani kutengeneza programu za kompyuta. Kibodi isiyopiga kelele, anasema, si ya fundi, na programu za vikao vya mtandaoni zinakula siku ya mtu. "Mama usiingie, niko kazini!"

Leo nimeingia na chai. Anabonyeza kweli, ila kioo cheusi. Nikagusa mashine, baridi kabisa.

"Inapumzika, mama," akasema bila kunitazama.

Kaka, nahisi kazi hana tena. Ijumaa usiende kumposea kwa kina Hafsa. Sitaki uwaapie wazee wale jambo tusilolijua. Mwulize kwanza, wewe hakufichi. Nijibu upesi, tafadhali.

Mdogo wako,
Swaumu