Choo Kimoja na Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Nimeamka nimelowa tena. Mashuka mawili na lile gauni la kulalia la kijani. Nimefua kabla mume wangu Gwamaka hajaamka, vidole vikafa ganzi. Mbeya ya mwezi wa sita haina huruma na mtu anayefua alfajiri.

Uji wa mchele. Ndizi mbivu. Kidonge cha kufunga tumbo. Krimu ya watoto kule nyuma, maana pameungua vibaya. Zamani nilihesabu safari za chooni. Nimeacha, kuhesabu kunanipa hasira.

Tangu waondoe ule mfuko wa kinyesi wa nje tumboni, mwezi wa tatu, kila mtu ananipa hongera. Hongera ya nini? Utumbo mpana wote wameutoa na kuutupa. Wameshona kifuko huko ndani kwa utumbo mwembamba, na daktari wa Dar kasema kifuko kinahitaji mwaka mzima kujifunza kazi. Kinajifunza kama wale wanafunzi wangu wa dawati la nyuma. Kikisema sasa, ni sasa.

Ndugu wa mume wanajua nilitolewa uvimbe. Ukweli anao Gwamaka, na mama yangu kule Ilula. Ibaki hivyo.

Alhamisi, 5 Juni

Baba mkwe anakuja kukaa kwetu. Gwamaka kaniambia huku ananawa mikono, kama anataja bei ya mkaa. Mzee ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Atapasuliwa hapa mjini, moja kwanza, la pili baadaye, na kijijini Rungwe hakuna wa kumtia matone. Kwa hiyo mwezi. Au zaidi.

Nimecheka. Kisha nimeingia jikoni nikalia.

Kwetu Ilula baba mkwe unampigia goti, unamwamkia, mambo yanaisha. Nimeolewa na Wanyakyusa, tena ukoo ulioshika mila kwa mikono miwili. Mkamwana hamtazami baba mkwe. Hapiti mbele yake, hamsalimii, akisikia anakuja anajificha. Siku ya harusi nilifunikwa kitenge. Nikienda kwao nalala nyumba ya shangazi. Miaka kumi na moja ya ndoa, sijauona uso wa mzee huyu na yeye hajauona wangu. Sikulalamika. Yeye alikaa Rungwe, mimi hapa Mbeya mtaa wa Soweto, tukaheshimiana kwa umbali.

Nyumba yetu ina korido moja. Choo kimoja, mwisho wa korido. Chumba cha wageni kinatazamana nacho.

Gwamaka anasema mzee haoni, basi hakuna tatizo. Asiyeona hajakuona. Angesoma sheria huyu mume wangu.

Jumapili, 8 Juni

Mzee kafika Ijumaa. Tunaishi kwa kikohozi. Mzee akitaka kutoka chumbani anakohoa na kugonga fimbo sakafuni, nami nakimbilia jikoni. Nikitaka kupita mimi, naburuta ndoo. Akiisikia anarudi ndani na kufunga mlango. Hakuna aliyetupangia, imetokea tu.

Jana ndoo imeburutwa kutwa nzima mpaka sakafu ina michirizi. Hajaguna hata mara moja. Pengine anadhani mkamwana wake ana wazimu wa usafi.

Wifi Tumpe, dada yake Gwamaka, anakuja asubuhi na jioni kumhudumia baba yake, maana mimi siwezi kumpelekea hata kikombe cha maji. Anatoka Mbalizi, ana kibanda cha nguo sokoni. Si mtu mbaya. Ana mdomo tu, na anaamini anachoamini. Leo kapika maharage. "Kula wifi, umekonda hivyo watasema hatukulishi." Nimekula kwa ajili ya amani. Amani nimeilipia chooni.

Ijumaa, 13 Juni

Jicho la kulia limepasuliwa juzi. Jana wametoa bandeji. Mzee anaona.

Leo asubuhi kasoma Biblia kwa sauti, Kinyakyusa, mstari kwa mstari bila kukwama. Tumpe kasimama na sufuria mkononi, machozi yanamtoka. Gwamaka anasema baba yake alikuwa mzee wa kanisa, na tangu mama mkwe afariki kusoma ndiyo starehe iliyokuwa imebaki, mpaka macho yakaichukua nayo.

Nimefurahi kwa ajili yake. Ni kweli nimefurahi. Na nimeogopa, hiyo nayo ni kweli.

Kahamishia kiti koridoni, karibu na mlango wa nyuma, kwenye mwanga. Akisikia ndoo anaondoka. Lakini mzee mwenye kiti, kitabu na fimbo haondoki upesi.

Jumanne, 17 Juni

Kifuko kimevimba. Homa, maumivu chini ya kitovu, damu kidogo. Daktari wa Dar kaniandikia dawa kwa simu, zinaniachia ladha ya chuma mdomoni. Sasa hata muda wa kuburuta ndoo sina. Leo nimekimbilia choo cha shimo cha jirani, nimezungukia uani na khanga kiunoni. Jirani hajauliza kwa mdomo.

Nimemwomba Gwamaka amhamishie baba yake Mbalizi kwa Tumpe. Kasema Tumpe kapanga chumba kimoja. Kasema amwambie baba nini, kwamba mkewe anaharisha? Kalisema neno hilo kwa upole, lakini kalisema.

Namchukia leo. Kesho sijui.

Alhamisi, 19 Juni

Imetokea. Naandika upesi nisije nikaipamba.

Mchana. Gwamaka kazini, Tumpe anapika uani. Tumbo likanikamata. Nimetoka chumbani bila ndoo, kiti koridoni kitupu, nikashukuru Mungu. Nimefika mlango wa choo, umefungwa. Mzee yumo ndani. Nikageuka niende kwa jirani. Hatua ya pili sikuimaliza. Nikaegemea ukuta nikabana kila kinachobanika. Hakikubanika. Imeshuka kwenye sketi, kwenye miguu, kwenye ndala, sakafuni.

Mlango ukafunguka.

Alisimama mbele yangu, karibu kiasi cha kugusana. Mzee mrefu, mwembamba, nyusi nyeupe, pua ya Gwamaka. Jicho lake la kulia safi. Akaniangalia usoni. Akaangalia chini. Akaniangalia tena usoni. Baada ya miaka kumi na moja, hivyo ndivyo alivyoniona.

Kisha akageuzia uso ukutani, akatandaza kiganja, akaenda chumbani kwake akipapasa ukuta.

Tumpe alikuwa mlango wa nyuma. Kaona yote.

Nimeosha sakafu mwenyewe. Natamani kufa, naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Ijumaa, 20 Juni

Tumpe kaja na sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. "Wifi, sikuchukii. Ila baba kakuona, na kakuona ukiwa hivyo. Tukinyamaza litamrudia mtu. Mila ni mila."

Anataka nirudi Ilula kwa watu wangu. Kisha nije na baba mdogo na ng'ombe wa faini, wazee wa ukoo wakae, waulize ilikuwaje. Na lazima isemwe yote, kwa mdomo, mbele ya wanaume nisiowajua. Alisimama wapi. Alikuwaje. Kwa nini alishindwa kujizuia mtu mzima. Nikae mkekani wakijadili utumbo wangu. Atakuwepo mmoja wa kusema mke aliyetolewa matumbo ni mke wa nini. Nawajua.

Gwamaka kanyamaza. Miaka yote ananyamaza, hiyo ndiyo adabu yake.

Nimepanga nguo kwenye begi. Mama kwenye simu: "Njoo mwanangu, nyanya zimejaa, utanisaidia kuuza barabarani." Nikienda sirudi, najijua. Tena hata kwenda sijui nitaendaje. Mbeya mpaka Ilula ni safari ya kutwa, basi linasimama kuchimba dawa dereva anapotaka yeye.

Jumamosi, 21 Juni

Gwamaka kamuuliza baba yake mbele ya Tumpe. Nimesikiliza kutoka jikoni. Kinyakyusa, lakini miaka hii yote nimekielewa kuliko wanavyodhani.

Mzee kasema hajaona kitu. Kasema ukungu umerudi tangu Jumatano. Alisikia mtu koridoni, akadhani ni Tumpe.

Tumpe: "Baba, ulisimama unamtazama."

"Nilisimama natafuta ukuta, mwanangu."

Kisha mzee akauliza kama wanataka kumwitia wazee kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hajaliona. Ikaishia hapo. Asiyeonwa hatozwi ng'ombe.

Nimetoa nguo kwenye begi, nusu. Leo mzee hajasoma. Kiti kimerudishwa sebuleni. Najiambia labda ni ukungu kweli, operesheni zinaharibika. Namwombea mtu ukungu, nimefika huko.

Jumatano, 25 Juni

Wamempeleka kliniki. Gwamaka karudi amekasirika. Daktari anasema jicho limepona vizuri, halina doa. Mzee anasema haoni hata herufi ile kubwa ya juu. Kaonyeshwa vidole, kasema hauoni mkono. La pili lingefanywa wiki ijayo. Mzee kakataa. Moja limeshindikana, la pili la kazi gani. Anataka kurudi kwake.

Gwamaka anawalaumu madaktari. Tumpe anafunga na kuomba. Biblia iko juu ya kabati.

Jioni nimetoka kwenda chooni, mlango wa mzee haukufungika vizuri. Sikukusudia kutazama. Alikuwa dirishani na koti magotini, anatunga uzi kwenye sindano. Ukaingia mara ya kwanza. Akakata uzi kwa meno, akaanza kushona kifungo.

Nimerudi nyuma kimyakimya hadi jikoni. Kisha nimeiburuta ndoo kwa nguvu, nikachelewa makusudi, apate nafasi ya kuficha sindano.

Nikisema, mzee anapata jicho la pili na mimi napata kikao. Nisiposema, narudi darasani muhula ujao, nabaki na mume wangu na nyumba yangu, na hakuna mtu Rungwe atakayejua kilichomo tumboni mwangu. Nimekaa na jambo hili mpaka chakula cha jioni. Gwamaka kaniuliza nina nini. Nimesema tumbo.

Nimenyamaza. Mimi nami.

Jumamosi, 28 Juni

Kaondoka. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, inavyotakiwa. Gwamaka kamshika mkono, Tumpe kabeba begi. Walipofika usawa wa jikoni mzee akasimama. Akamwambia Gwamaka, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika, kwamba nyumba yenye watu wazima haikai na choo kimoja. Ajenge kingine uani, tena karibu.

Tumpe akacheka. "Baba nawe, macho huna, vyoo umeviona saa ngapi?"

Ningetaka kusema ndaga, asante. Neno dogo, mtoto wa Kinyakyusa analisema kabla hajaota meno. Mkamwana halisemi kwa baba mkwe. Nimeuma khanga.

Jumapili, 6 Julai

Homa imekwisha. Dawa nimemaliza. Usiku wa jana sikulowa, na leo nimekula ugali na samaki bila kuadhibiwa. Gwamaka kaleta fundi kupima uani. Sijamuuliza kitu.

Tumpe kaja baada ya kanisa. Alikuwa Rungwe juzi. Mzee anashinda nje ya nyumba, anaomba wapita njia wamsomee. Anayejua kusoma anamsomea, asiyejua vizuri anaruka mistari, na mzee hamsahihishi, anasema asante. Jicho la kushoto limezidi kuwa jeupe. Siku nyingine anashinda hana wa kumsomea. Biblia anaishika tu.

Tumpe alilia kidogo. Kaniambia nimwombee baba, nimesema namwombea. Kauliza, "Hivi wifi, inawezekana jicho lipone halafu liache kuona?" Nikaangalia kikombe chake. Nimesema mimi si daktari. Nikammiminia chai nyingine.

Alipoondoka nimekwenda chooni. Korido ilikuwa tupu. Nimetembea taratibu.