Karatasi ya Kwanza ya Zamu ya Maji

Ofisi ya Bustani ya Pamoja,
S.L.P. 214.
Jumatano, 12 Machi

Mpendwa Mama Mdogo,

Kabla ya salamu nakusihi: isome barua hii peke yako, na yaliyomo yasimfikie mtu, hata Bibi. Akiuliza mbona umenyamaza, mwambie jino linauma.

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na sasa unapanda ngazi bila kupumzika katikati. Mimi mwili ni mzima, ila chakula hakipiti.

Bustani unaikumbuka ilipokuwa maegesho ya malori, udongo mweusi kwa oili. Sasa kuna matuta arobaini na moja, kila familia na lake. Shule mbili na wodi ya wazazi wanakula mboga zetu. Karoti za mkunga zimetoka nyembamba mno, fundi baiskeli akamwambia, "Mkunga, hizi ni spoku, niuzie." Akajibiwa, "Hata wewe ulitoka hivyo hivyo, tukakukuza."

Bomba ni moja, kwa hiyo watu humwagilia kwa zamu, na kila mmoja husaini zamu yake. Karatasi hizo nazitunza mimi. Kwa kubana matumizi, kichwa cha habari, "Zamu ya Maji", nilikiandika kwenye karatasi ya kwanza tu. Zinazofuata zina namba ya tuta, jina na saini, basi. Hilo ndilo kosa langu.

Mwezi uliopita Mjomba, kaka yako na mwenyekiti wetu, aliniomba karatasi hizo akazitie kwenye jalada. Nikampa zote isipokuwa ya kwanza, iliyokuwa imelowa bombani nikaianika dirishani. Sikuwaza lolote. Ni Mjomba, aliyenishika mkono nikaandika herufi yangu ya kwanza.

Jana tarishi wa manispaa alileta jalada tulipige mhuri. Juu palikuwa na barua: sisi wakulima tumeridhia kuondoka, uwanja ujengwe maduka. Nyuma yake zilikuwa karatasi zangu. Saini ya mkunga kwa wino wa kijani. Alama ya kidole cha fundi, yenye grisi. Orodha ya walioridhia inaanzia namba kumi na tatu, Mama Mdogo, kwa sababu moja hadi kumi na mbili zilikuwa dirishani kwangu.

Nilimfuata Mjomba kwenye kitalu. Hakukana. Aliendelea kunyunyizia miche maji, taratibu kama anayeosha mtoto. "Karani wangu, saini si zao? Wewe piga mhuri. Duka la kona ni letu." Kisha akauliza, "Ile karatasi ya kwanza iko wapi?"

Nikasema sijui. Sijawahi kumdanganya kabla ya jana. Mhuri nao nimesema wino umekauka. Kikulacho ki nguoni mwako. Shuleni nilidhani methali ile ni ya mtihani tu.

Jalada linakwenda manispaa Jumatatu. Jumamosi wanachama wote watakutana kugawana mavuno, na hapo ndipo nataka nisimame niwaonyeshe. Lakini najijua. Mjomba akinyoosha mkono na kusema "mwanangu", nitampa. Ndiyo maana karatasi nimeiweka humu, mbali na mkono wangu. Dereva wa lori la mbegu atakukabidhi wewe mwenyewe. Njoo nayo Jumamosi, kabla ya saa nne asubuhi. Najua nakuita uje usimame mbele ya kaka yako. Nisamehe.

Nisalimie Bibi, Baba Mdogo na pacha wote wawili. Mungu akulinde njiani na akurudishe salama.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kwa moyo wote,
Karani

Usipige simu ya ofisini, Mjomba ndiye huipokea. Piga kwa fundi baiskeli, namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Hajui kitu, sema unaulizia tairi la nyuma, ataniita. Na nikikupigia mimi kukuambia karatasi umpe Mjomba, hata nikilia, usimpe.