Kosa Huadhibiwa Mara Moja

Jumatatu, 4 Agosti

Kusahihisha kumeanza. Ukumbi uleule wa chuo, viti vilevile vya kuvunja mgongo, feni moja inayozunguka ikijisikia. Meza tano, kila meza na swali lake. Karatasi inapita meza hadi meza, na kila meza inajaza maksi zake kwenye jalada. Sisi tuna swali la nne, na kwa kuwa ndilo refu tumewekwa mwisho. Sisi ndio tunaojumlisha. Sisi ndio tunaojua nani kapona na nani kazama!

Kiongozi wetu ni yuleyule Bwana Desimali. Jina tulimpa wenyewe — ukimwambia umefika saa mbili, anakuuliza mbili kamili au mbili nukta ngapi. Ametusomea mwongozo neno kwa neno kama watoto wa chekechea. Akaishia kwenye kanuni anayoipenda kuliko chakula: kosa huadhibiwa mara moja. Mtahiniwa akikosea namba mwanzoni, halafu akaibeba hiyohiyo namba mbovu kwa njia sahihi, mpe maksi za njia. Usimchape mara mbili kwa kosa moja.

Tukatia saini kwamba hakuna ndugu yetu aliyefanya mtihani huu. Nikatia. 

Wifi yangu ameufanya.

Dada wa mume wangu, muuguzi. Anasoma jioni apate diploma, na bila takwimu hapandi cheo. Takwimu imemwangusha mara mbili, na chuo hakitoi nafasi ya nne. Mume wangu aliniambia juzi kwa ile sauti yake ya kuomba bila kuomba: dada anahangaika na hilo somo lako. Somo langu! Nikaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekiota kile kikao tena. Basi nikiandike, nisije nikajiambia kwamba nakuza mambo.

Mimba yangu ilipotoka nilikuwa kwenye wodi yake. Yeye ndiye aliyekuwa zamu. Nilimshika mkono nikamwomba asimwambie mtu, hata kaka yake, nitasema mwenyewe nikipata nguvu. Nilimwambia kama muuguzi — akasikia kama wifi. Nafika nyumbani, ukoo mzima unajua! Na Jumapili yake, sebuleni kwa mama mkwe, mashangazi wamejaa, mimi bado natembea nimejishika tumbo, akasema: mwalimu wa hesabu huyu, kila siku anajumlisha, jibu sifuri.

Walicheka. Mume wangu akaangalia simu. Mama mkwe akasema chai inapoa.

Miaka mitatu imepita, hajaniomba radhi. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Namchukia. Naandika hivyo hapa kwa sababu hapana pengine ninapoweza kuliandika.

Leo nimesahihisha mpaka macho yakawasha. Swali lenyewe si baya. Ugonjwa wanao watu wawili katika kila mia. Kipimo kinawagundua tisini katika kila wagonjwa mia, lakini pia kinawasingizia wazima kumi katika kila mia. Mtu kapimwa, kipimo kimesema ndiyo. Je, kuna uwezekano gani kwamba ni mgonjwa kweli? Karibu wote wanaandika tisini kwa mia na kupiga mistari miwili chini, raha mustarehe. Jibu halifiki hata kumi na sita! Wazima ni wengi mno, kwa hiyo waliosingiziwa ni wengi kuliko wagonjwa. Nimefundisha hilo miaka yote nikiwa nimesimama mbele ya ubao: kabla hujaamini dalili, uliza kwanza wenye dalili hiyo ni wangapi.

Mama Pacha, mwenzangu wa kiti cha kushoto, anasema wanafunzi hawatalielewa hilo hata tukiwaimbia. Kesho linakuja furushi la wauguzi wa jioni.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempata!

Sikumtafuta. Haya, nilimtafuta. Majina hayapo, zipo namba tu. Lakini mtu ana mkono wake. Karatasi ya tatu kutoka chini: saba zote zimekatwa kiunoni kwa kistari, kama anavyoziandika yeye kwenye maboksi ya dawa za mama mkwe. Kwenye jalada, jaribio la tatu. Na kipengele cha mwisho, wanapotakiwa kumweleza mgonjwa majibu kwa maneno ya kawaida, kaandika: "Usiogope mpenzi, kipimo kikisema ndiyo bado wengi wenu ni wazima, tutapima tena." Mpenzi! Wifi humwita kila mtu mpenzi, hata anayemtukana.

Nikapiga hesabu palepale pembeni ya karatasi chakavu. Wanaokata saba, tuseme mmoja kwa watano. Jaribio la tatu, mmoja kwa ishirini. Anayemwita mgonjwa mpenzi ndani ya mtihani, mmoja kwa kumi. Zidisha: mmoja katika elfu moja. Na furushi zima halifiki karatasi mia tatu. Nani mwingine? Ni yeye!

Kachora mti wake wa uwezekano vizuri, tawi la wagonjwa na tawi la wazima. Amekosea mahali pamoja tu — moja toa 0.02 kaandika 0.8 badala ya 0.98, desimali imemteleza. Kuanzia hapo kaibeba ile 0.8 mpaka mwisho, kila hatua sawasawa. Kwa kanuni alistahili kumi na tano. Meza nyingine zimempa jumla thelathini na tatu. Arobaini na nane, kafaulu, kapanda cheo, anakuja kukaa sebuleni na kofia mpya.

Nilishika peni nyekundu. Mti, mbili. Kumweleza mgonjwa, tatu — sifuri kila mahali inaonekana kutoka mlangoni, na Bwana Desimali huvuta zilizo chini sana kuzikagua. Njia, sifuri. Jibu, sifuri. Jumla tano.

Siku za mwizi arobaini, na maksi za kufaulu arobaini. Yeye thelathini na nane! Nilijaza jalada kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Kila anayejumlisha mwishowe hupata jibu lake.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimelala kama mtoto. Asubuhi nimeosha vyombo nikiimba. Mume wangu akasimama mlangoni na mswaki mdomoni akauliza kuna nini. Kazi inakwenda vizuri, nikamwambia. Akafurahi, maskini.

Ijumaa, 8 Agosti

Mafurushi yetu yameisha, yamefungwa kamba. Jumatatu ni kukagua na kufunga kwa lakiri, basi. Mama Pacha kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema nimekumbuka mzaha wa zamani.

Niliwaza uso wa wifi akipokea matokeo. Sitasema kitu. Nitamwambia pole, wifi, hesabu ngumu. Nitaisema mbele ya mashangazi walewale, na nitamimina chai mimi mwenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike taratibu.

Tumekwenda kwa mama mkwe. Sebule ileile. Wifi kaingia na sare ya kazi, ametoka zamu, kajitupa kwenye kochi akavua viatu. Nikajisikia mpole, mpole wa paka aliyeshiba. Nikamuuliza mwenyewe: vipi, wifi, mtihani ulikuwaje?

"Wee, mpenzi, usinikumbushe! Afadhali lile la kipimo, hilo nililimaliza dakika moja."

"Dakika moja?"

"Si kipimo kinagundua tisini? Nikaandika tisini, mistari miwili chini, nikasonga mbele."

Nikamuuliza kama hakuchora mti. Kikombe nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili.

"Mti gani tena? Mimi na miti wapi na wapi!"

Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. Mume wangu pia. Mimi nilikuwa nauona ule mti, matawi yake manne, na ile 0.8 yenye kuteleza.

Wifi akachukua boksi la dawa amwandikie mama saa ya kumeza. Saa saba. Saba yenye kistari kiunoni. Nikamuuliza — sauti ikatoka kama ya mtu mwingine — mbona unaikata hivyo? Akanishangaa. Wauguzi wote tunaikata, mwalimu, tunafundishwa hivyo tangu siku ya kwanza, mtu asije akasoma moja akapunguza dawa. Na mpenzi? Wodi nzima ni mpenzi, akasema, ukishika wagonjwa thelathini majina yao utayakumbuka saa ngapi. Na kuhusu jaribio la tatu sikuuliza, alisema mwenyewe: darasa lao la jioni karibu nusu ni watu wa mara ya tatu, kwa sababu ya zamu za usiku.

Mmoja katika elfu! Nilizidisha vitu vitatu vinavyokwenda pamoja kama viatu na soksi. Ndani ya furushi la wauguzi! Sikuuliza wenye dalili ni wangapi. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza akifanya hivyo namkata maksi zote na kumwandikia pembeni alama ya mshangao.

Basi yule ni nani? Kuna muuguzi mahali fulani, aliyetoka zamu akaketi na vitabu akajifunza kuchora mti, jambo ambalo wifi hakujisumbua nalo. Jaribio la mwisho. Amekosea desimali moja, mimi nikamchapa kwa mimba yangu.

Na bado — niandike ukweli wote — kilichonipanda kwanza pale kwenye kochi hakikuwa huruma. Ilikuwa hasira. Wifi ameniponyoka! Kaketi pale kanyoosha miguu, kisasi changu chote kimempita pembeni kikaangukia mtu mwingine, na yeye anaomba nimwongezee sukari. Nikamwongezea.

Jumatatu, 11 Agosti

Naandika ukumbini, kwenye meza ya Bwana Desimali. Ametoka kupokea simu kwenye baraza. Mkono unakimbia.

Nimefika mapema, kabla ya lakiri. Nikamwomba furushi la wauguzi wa jioni. Akauliza namba ya mtahiniwa, nikamtajia kwa kichwa, na hapo nikaona nimeshakosea — nani anakariri namba ya mtu asiyemjua? Akafungua kamba, akaitoa. Akaisoma polepole, kidole kikifuata kila mstari. Akafika njia, sifuri. Akarudi kwenye mti. Akafika jibu, sifuri. Akavua miwani.

"Huyu ni nani kwako, mwalimu?"

"Simjui." Ndilo neno la kweli kuliko yote niliyosema wiki hii.

"Nimekaa na wewe meza moja miaka sita. Wewe ndiye unayenikumbusha mimi ile kanuni. Sasa huyu amekukosea nini?"

Nikaitazama ile 0.8. Bwana Desimali akaandika kwa mkono wake pembeni: kumi na tano. Jumla mpya, arobaini na nane. Akatia saini. Muuguzi kapona! 

Nikadhani yameisha. Kumbe kila maksi inayobadilishwa lazima iwe na sababu, na sababu lazima itoke kwa aliyesahihisha. Bwana Desimali ni mtu mzima, ameona mengi. Akasema, karibu kwa kunong'ona: tuandike uchovu? Karatasi zilikuwa nyingi. Mwalimu alichoka. Uchovu hauna kesi.

Halafu akaongeza, maana ni yeye, lazima amalize kila nukta: lakini kama ulidhani ni ndugu yako, hiyo ni habari nyingine. Niambie sasa. Wewe utatoka kwenye jopo hili, usirudi. Na huyo ndugu, awe nani awaye, matokeo yake yatafutwa kwa kuwa ulitia saini ukaficha undugu, na jaribio litahesabiwa.

Jaribio la tatu. Matokeo yafutwe.

Simu ikamlilia. Akasema fikiria, nakuja.

Nafikiria. Yule niliyemwonea ameshapata haki yake, haki haidai kitu kingine kwangu. Nikisema uchovu, kila mtu anakwenda nyumbani, na wifi pengine anafaulu kwa meza nyingine zile. Nikisema ukweli — ukweli mtupu, uleule ninaowahubiria wanafunzi — namaliza kazi yangu hapa na namaliza diploma yake. Na hakuna atakayeweza kusema nilifanya kisasi. Watasema mwalimu alikiri. Watanisifu!

Nimejaribu kujiuliza kama ninataka kukiri kwa sababu ni sahihi. Nimejiuliza mara mbili. Moyo unanidunda, na nikiusikiliza vizuri si woga.

Ni furaha.

Anarudi. Viatu vyake hivyo. Ameketi. Amefungua peni, ameweka ncha kwenye nafasi ya sababu, ananitazama.

"Haya, mwalimu. Niandike nini?"