Notisi ya Babu Audax

Limi, uko hapo? Babu Audax amemmwagia mzee Philbert chai kifuani! Hapa Lusahunga, hotelini, watu wote wanaona. Chai ya moto!

Sikiliza. Mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, Philbert alikuwa katibu kule Keza. Akaja na wanaume wanane wenye mashoka, wakabomoa nyumba ya babu, maharage yakiwa bado ndani. Babu akashtaki kwamba hakuonywa kabla.

Mahakamani hakimu akamuuliza, "Ulikuwa na notisi?"

Sasa babu alijifunza Kiingereza kidogo kwa mapadri. Kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu, kuona kitu kwa macho yako. Akasimama wima, akajibu, "Ndiyo mheshimiwa, nilinotisi. Walikuwa wanane."

Hakimu akaandika kwamba mdai amekiri kupewa taarifa mapema. Kesi ikafutwa hapo hapo. Limi, hapo hapo!! Philbert akatoka anacheka. Babu alikuja kuelezwa na karani, nje, mambo yakiwa yameshaharibika.

Leo huyo huyo Philbert kamkuta babu anakunywa chai. Hata salamu hakutoa. Eti, "Audax, bado unanotisi?" Na kicheko juu.

Ndipo babu akammwagia.

Philbert anafuta shati, anapiga kelele, "Unanionea nini? Si ulikiri mwenyewe?"

Babu akaweka kikombe mezani. Akamwambia, "Nilichokiri ni kwamba nilikuona."