Bathsheba na Seli T

Heena rafiki yangu, sikia haya. Nimekutana na Bathsheba sokoni Nyamache, yule niliyemfundisha bayolojia mwaka wa tisini na sita.

Siku ile alisema darasani kwamba seli T, askari wa mwili, haiamki yenyewe. Lazima seli nyingine iiguse na kuionyesha kipande cha kirusi. Nikamfokea, "Usibuni vitu!" nikamtoa nje. Akaacha bayolojia.

Heena, alikuwa sahihi! Nilisoma hivyo mwezi uliofuata, nikanyamaza. Miaka yote hii nimenyamaza!

Leo nimemwambia, "Ulisema kweli. Nisamehe."

Akaweka chini mkungu wa ndizi, akamvuta karibu msichana aliyekuwa naye. "Mwalimu, rudia. Sema kwa sauti, binti yangu asikie."

Nimerudia, Heena. Hajasema kama amenisamehe.