Dawa ya Kikohozi ya Mama Gahongayire

Nyakabanda, Kigali
Jumapili, tarehe 8 Juni

Kwako dada yangu mpendwa Médiatrice,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko abiria wa stendi ya Nyabugogo wiki ya Noeli. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote hapo Kigoma, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua ukipanda kile kilima cha kanisani. Kama bado linauma nivumilie, safari hii sikutumii dawa. Mimi mdogo wako mwili ni mzima. Nakula vizuri, nalala kidogo.

Uliponipigia Jumatano ukaniuliza kuna nini, nilianza kukuchekesha na habari za jogoo wa jirani. Ukanikata. Ukasema, wewe Berchmans, kwenye simu unadanganya kama redio, chukua karatasi uniandikie, mkono wako haujui mzaha. Basi nimechukua. Mtu wa darasa la sita akishika kalamu anatembea kama mwenye kiatu kimoja, lakini nitafika.

Sifa zangu unazijua, ila acha nizirudie, maana nikiziacha utadhani barua imeandikwa na mtu mwingine. Mimi ndiye niliyeendesha lori kutoka Dar hadi Lubumbashi, niliyekula samaki wa maziwa matano, ninayeweza kugombana na askari wa mpakani kwa lugha sita na kumwomba msamaha kwa ya saba. Na tangu niache lori, hapa Nyakabanda wananiita Dogiteri. Sikujipa jina hilo mimi. Sikulikataa pia.

Dawa zangu nazitengeneza humu humu chumbani. Wenzangu wanachemsha majani, na siku ya tatu dawa imechacha, inanuka kama soksi. Mimi naloweka kwenye spiriti. Na usifikirie konyagi au waragi. Hizo zaidi ya nusu yake ni maji, na jani bichi lina maji yake, ukivikutanisha unapata supu. Inatakiwa spiriti ya kunywa, kali, digrii tisini na tano. Unakatakata umuravumba, yale majani ya kikohozi ambayo mama alikuwa akitukamulia tukilia, unajaza chupa kubwa ya kioo, unamimina spiriti mpaka majani yazame, unafunika. Wiki nne kivulini, ukitikisa asubuhi na jioni. Siku ya kwanza tu inageuka kijani, dada, kijani ambacho hujawahi kukiona. Ukishachuja kwa kitambaa unajaza vichupa, na mgonjwa anatia matone ishirini kwenye glasi ya maji. Matone, si zaidi.

Spiriti alikuwa ananiletea Jean-Luc, kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la vinywaji mjini. Chupa zimefungwa, zina lakiri na karatasi yake. Mwezi wa tatu Jean-Luc akahamia Rubavu. Mvua zilikuwa zimeanza, mtaa mzima unakohoa, watu wananigongea mlango wakiuliza Dogiteri, dawa iko wapi? Nikaona aibu kusema sina. Nikashuka Nyabugogo, nikampata mtu mwenye madumu nyuma ya stendi. Nikamuuliza kama hii ni ya kunywa. Akacheka, akasema mzee, hata askofu anaweza kuinywa. Dumu halikuwa na karatasi wala lakiri. Mimi niliyezunguka nusu ya Afrika nikalibeba begani kama mtoto wangu.

Sasa nikueleze habari ya Mama Gahongayire, maana barua hii ni yake kuliko yangu. Ndiye mwenye nyumba ninamokaa. Mjane, ana miaka sabini na mbili, amekulia Karagwe, na Kiswahili chake kinanitia aibu. Chumba changu kiko nyuma ya chake na sahani yangu iko mezani kwake. Binti yake Shimwa ni mpishi kwenye jumba moja la Nyarutarama, anakuja mwisho wa wiki, na kila akija ananitania kwamba mama yake amezaa mtoto mwenye ndevu.

Unajua desturi ya huku, ni ileile ya kwetu Bujumbura. Ukimpa mtu kinywaji unaonja wewe kwanza mbele ya macho yake, aone hakuna sumu. Hata dawa ni hivyo. Mteja hapokei kichupa mpaka Dogiteri aonje. Na mimi nina kiapo. Lori lilipopinduka Kibondo, ukaja kuniuguza wiki sita, ukanishikisha rozari ya mama nikaapa kwamba pombe haitapita tena mdomoni kwangu. Nilimwambia Mama Gahongayire hayo yote mwanzoni kabisa. Akasema kiapo cha mtu kwa dada yake hakichezewi. Tangu siku hiyo akawa ananionjea yeye. Mteja akija, bibi anaketi kwenye kiti chake mlangoni, anafungua kichupa, anajaza kijiko cha chai, anameza bila maji, anakunja uso kama amelamba betri, halafu anasema, haya mwanangu, nenda upone. Watu walikuwa wanamwamini yeye kuliko dawa yenyewe.

Jumamosi tarehe tatu Mei nilichuja umuravumba wa lile dumu. Jumapili baada ya misa walikuja wateja tisa. Mama Gahongayire alionja vichupa tisa. Cha kumi kilikuwa chake mwenyewe, naye akakionja vilevile, akisema mteja ni mteja.

Jumatatu asubuhi aliamka anaumwa kichwa na tumbo, akasema ni uchovu. Saa nne akanituma nikawaambie majirani waache kuchoma takataka, moshi umejaa nyumba nzima. Nikatoka nje. Dada, hapakuwa na moshi. Niliporudi nikamwambia wameshazima. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake, mkono ukapita pembeni, ukarudi, ukapita tena. Akacheka kidogo, akaniuliza mbona nimekiweka mbali hivyo.

Nilimpigia Shimwa, nikatafuta gari, tukakutana hospitali. Daktari alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa binti yangu, lakini ana macho ya askari wa forodha. Akauliza mama amekula nini, amekunywa nini. Nikasema dawa ya kikohozi. Akauliza imetengenezwa na nini. Nikasema majani na spiriti ya kunywa. Akaniuliza kama nina hakika ni ya kunywa. Kabla sijafungua mdomo Shimwa akajibu kwa ajili yangu, akasema huyu ni mtu makini, Daktari, dawa zake mtaa wote unazijua. Yule daktari hakumtazama hata kidogo. Alinitazama mimi. Akasema kuna spiriti nyingine ya viwandani, kwa macho na kwa harufu huwezi kuitofautisha, na hiyo inaanza na macho, halafu inaua. Akasema kama ni hiyo matibabu yake ni mengine kabisa, na kila dakika tunayosimama hapa mama anailipa yeye.

Nimewahi kuelekezewa bunduki barabarani nikatoa mzaha, lakini pale ulimi uliniganda. Nilikuwa naiona amri ya kukamatwa, naona watu wa Nyakabanda wakiniita muuaji. Muuguzi alikuja akabadilisha mfuko wa maji, akaondoka, na mimi nahesabu matone ya ule mfuko. Ndipo Mama Gahongayire akauliza kutoka kitandani kama Berchmans amekula asubuhi, maana yeye hakupika. Hapo nikasema. Nikasema dumu halikuwa na lakiri, mtibuni kama ni ile mbaya.

Unajua walimtibu na nini? Na pombe safi, dada, ikipita mshipani, ili ifukuze ile nyingine. Siku tatu mimi na Shimwa kwenye benchi, kila mlango ukifunguliwa tunasimama pamoja. Siku ya kwanza nilipanda pikipiki, nikazunguka nyumba tisa nikachukua vichupa tisa. Wale walikuwa wametumia matone tu, wamepimwa, wote wazima, namshukuru Mungu. Wakuu walichukua chupa kubwa na dumu. Yule mtu wa Nyabugogo hayupo tena, kama hakuwahi kuzaliwa. Waliniuliza kama nilijua. Nikasema sikujua. Keshokutwa Jumanne nimeitwa tena.

Mama Gahongayire alinusurika. Alirudi nyumbani tarehe kumi na saba. Macho yake yanaona mwanga wa dirisha, na mtu akipita anaona kama shati linapita kwenye ukungu. Daktari anasema yalipofika ndipo yatakapokaa. Ninampikia, ninamshika mkono kwenda uani, ninamsomea Injili asubuhi na gazeti jioni, na ninapotamka vibaya ananirekebisha.

Na hajanilaumu. Laiti angenilaumu! Wageni wakija kumpa pole anawaambia kosa ni lake, yeye ndiye aliyejitia kuonja. Anasema kiapo cha Berchmans kwa dada yake ndicho kilichomwokoa, bila hicho tungekuwa vipofu wawili nyumba moja, nani angemwongoza mwenzake? Wanacheka, wananisifu. Shimwa alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kuwa mtu wa neno. Wiki iliyopita mama aliniomba nikuandikie asante kwa niaba yake, kwa kiapo ulichoniapisha.

Sasa dada, kaa chini kama umesimama.

Siku ile niliyoleta dumu kutoka Nyabugogo, niliionja. Nilifunga mlango, nikamimina vifuniko viwili vya dumu, nikatia maji, nikanywa. Nilijidanganya kwamba fundi lazima aijue mali yake. Uongo. Nilitaka kunywa. Na haikuwa mara ya kwanza, hata za Jean-Luc nilikuwa nazipunguza tangu mwaka jana, kifuniko leo, kifuniko kesho, na kumwachia mwanamke wa watu aonje mbele za watu kwa heshima ya kiapo changu.

Kesho yake niliamka na kichwa kinapasuka, na dunia nzima ni nyeupe. Nilikuwa naona kama nimetumbukizwa kwenye maziwa. Nililala siku nzima, nikamwambia Mama Gahongayire ni malaria, akanipikia uji. Siku ya pili ukungu ukaondoka. Na mimi nilijua, Médiatrice. Sikujua jina la ile sumu wala kwamba inapofusha kabisa, lakini nilijua kwamba dumu ni baya. Ningelimwaga, wangeniuliza umejuaje ni baya na wewe hunywi? Kwa hiyo nikamimina juu ya majani. Wiki nne nimetikisa ile chupa asubuhi na jioni, na kila nikitikisa najiambia ilikuwa malaria. Jumapili ile nilisimama nyuma ya kiti chake nikamtazama akimeza kijiko cha kwanza, cha pili, mpaka cha kumi. Nilikuwa nawapangia wateja foleni.

Kwa hiyo asante yake usiipokee. Na wewe usijilaumu kwa kuniapisha. Jumanne nitawaambia wakuu nilijua, wanifanye watakavyo. Ikiwa nitafungwa, nakuomba umpigie Shimwa simu mara kwa mara, unayo namba yake.

Nisalimie shemeji, mwambie lile panga alilonipa bado kali. Nisalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na Padri, na majirani wa upande wa ziwa. Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Niombee, lakini usiniombee watu waniangalie kwa macho mazuri. Niombee nisimeze maneno.

Mama Gahongayire ameketi hapa kando yangu tangu nilipoanza kuandika, kichwa ameinamisha upande wa karatasi. Anasema anapenda kusikia kalamu, na leo imekwenda haraka kuliko kawaida. Ameshaniuliza mara mbili kama nimemaliza, maana anataka nimsomee yote asikie nilivyokufikishia asante yake. Nilimjibu bado.

Nimemaliza. Naanza kumsomea.

Mdogo wako,
Jean-Berchmans Niyongabo